Kabla ya Kupiga Hodi

Mwaka 1956 Chinua Achebe alikuwa London kwa mafunzo katika shule ya watumishi ya BBC, akitokea Lagos alikokuwa akifanya kazi katika utangazaji. Alikuwa na mswada wa riwaya, wa kwanza maishani mwake. Mwenzake katika mafunzo hayo, Bisi Onabanjo, alimhimiza amwonyeshe Gilbert Phelps, mmoja wa walimu wao, ambaye naye alikuwa mwandishi wa riwaya. Phelps aliusoma, ukampendeza, akasema yuko tayari kuufikisha kwa wachapishaji. Achebe akakataa. Alisema kazi bado haijaiva.

Tutue hapo kidogo. Kijana asiyejulikana, mgeni katika jiji walikojaa wachapishaji wa Kiingereza, anafunguliwa mlango na mtu wa ndani, naye anaomba asubiriwe. Katika yote ninayotaka kumwambia mwandishi anayetafuta wakala, hakuna linalouzidi uamuzi huo.

Kilichomsumbua kilikuwa umbo la kitabu. Mswada ule ulibeba vizazi vitatu vya familia moja, kuanzia Okonkwo hadi mjukuu wake aliyesomea Uingereza. Aliporudi Nigeria na kuusoma upya, aliona amejaribu kubeba mengi mno. Akaondoa sehemu ya pili na ya tatu, akabaki na Okonkwo peke yake, kisha akaijenga upya sehemu hiyo kwa kuongeza sura na kupanga upya nyingine. Mjukuu alingoja zamu yake mpaka mwaka 1960, katika No Longer at Ease. Kizazi cha kati hakikupata riwaya yake kamwe.

Mwaka 1957 aliituma nakala yake pekee, iliyoandikwa kwa mkono, kwa kampuni ya London iliyokuwa ikipiga chapa miswada kwa malipo. Kimya. Bosi wake kazini, Angela Beattie, alipokwenda London alipita kwenye ofisi hiyo na kuwajia juu. Mswada ulikuwa umetelekezwa kwenye kona. Hapo ndipo ulipopigwa chapa na kurudishwa. Achebe alikuja kusema kwamba kama ungepotea, huenda angekata tamaa na kuacha kuandika. Leo huna kisingizio: weka nakala kwenye kompyuta, nyingine kwenye barua pepe yako, na nyingine nje ya nyumba unayolala.

Mswada ukaenda kwa wakala wa London ambaye Phelps alimpendekeza. Wakala akaupeleka kwa wachapishaji kadhaa, na baadhi yao wakaukataa papo hapo kwa hoja kwamba riwaya za Waafrika hazina soko. Heinemann walisitasita mpaka mshauri wao wa mambo ya elimu, Donald MacRae, aliporipoti kwamba hajasoma riwaya nzuri kama hiyo tangu Vita vya Pili vya Dunia. Tarehe 17 Juni 1958 zikatoka nakala 2,000 za jalada gumu za Things Fall Apart, kitabu ambacho wasomaji wa Kiswahili walikipata mwaka 1973 kwa jina la Shujaa Okonkwo, kwa tafsiri ya Clement Ndulute. Alan Hill, aliyekuwa Heinemann wakati huo, alieleza kwamba hawakugusa neno hata moja la mswada ule. Hapakuwa na la kugusa. Mwenyewe alishamaliza kazi hiyo kabla hajapiga hodi.

Wakala hukusoma mara moja

Kazi ya wakala wa waandishi ilianzia London katika miaka ya 1870, A. P. Watt alipoanza kuwauzia waandishi kazi zao kwa wachapishaji na kujilipa asilimia 10 ya mapato. Mfumo ni uleule hadi leo, ila kiwango kimepanda. Wakala wa London au New York kwa kawaida huchukua asilimia 15 ya kile unachopata katika soko la nyumbani na asilimia 20 katika mauzo ya nje na haki za tafsiri. Kwa fedha hiyo anauchambua mswada wako, anajua mhariri yupi wa nyumba ipi anautamani, anajadiliana malipo ya awali na mrabaha, anausoma mkataba mstari kwa mstari, na anagombana kwa niaba yako ili wewe na mhariri wako mbaki marafiki.

Kwa kuwa hapati senti mpaka wewe upate, wakala hana sababu ya kuchukua kitabu kilichofika nusu ya safari. Rundo la maombi mbele yake ni kubwa, na anasoma baada ya saa za kazi, akiwa tayari kuacha ukurasa unapomchosha. Akishakukataa kwa mswada fulani, ni nadra sana akubali kuuona tena huohuo, isipokuwa yeye mwenyewe amekuomba uurekebishe na kuurudisha. Ndiyo maana nasema kosa la kutuma mapema lina gharama kubwa kuliko la kuchelewa. Mchelewaji hakupoteza chochote ila miezi. Aliyetuma rasimu ya kwanza kwa mawakala wote aliowapata ameimaliza orodha yake.

Kukata, kuunga, kukata tena

Ukimaliza rasimu, iweke pembeni. Wiki sita ni muda mzuri. Mwezi mmoja unafaa kama huwezi kuvumilia zaidi. Kisha ichapishe kwenye karatasi na uisome yote bila kalamu mkononi, kama unavyosoma kitabu cha mtu mwingine. Unatafuta jambo moja tu: wapi ulitamani kuruka kurasa. Mahali ulipochoka wewe, mwenye mtoto, mgeni atalala.

Baada ya hapo chukua daftari, na kwa kila sura andika sentensi moja inayoeleza nani anataka nini na nini kimebadilika mwishoni. Sura ambayo huwezi kuiandikia sentensi hiyo ina ugonjwa. Huenda imebeba maelezo ya historia ambayo wewe mwandishi uliyahitaji ili uijue hadithi, lakini msomaji hayahitaji. Huenda inarudia ugomvi ambao sura ya nne ilishaumaliza. Iondoe, au ukate kipande chake chenye uhai na ukiunge kwingine. Zoezi hili linauma, na naliheshimu kwa sababu hiyo. Kurasa 40 zinaweza kuondoka kwa siku moja.

Katika miswada ya Kiswahili ninayoisoma, ugonjwa unaojirudia zaidi uko kwenye ukurasa wa kwanza. Tazama mwanzo huu, niliouandika kwa kufuata mtindo ninaoukuta kila mara:

“Ilikuwa ni asubuhi na mapema ambapo jua lilikuwa linaanza kuchomoza na kutoa miale yake ya dhahabu huku ndege wakiimba kwa furaha mitini. Mwanaidi alikuwa na huzuni kubwa sana moyoni mwake kwa sababu mume wake alikuwa hajarudi nyumbani kwa muda wa siku tatu tangu alipokwenda baharini kuvua samaki.”

Hakuna kosa la sarufi hapo. Mwalimu angetia alama ya vema. Lakini wakala, na mhariri yeyote mwenye macho, anaona maneno zaidi ya 40 ambayo hayajamwonyesha mtu. Sasa uone mwanzo uleule baada ya kufanyiwa kazi:

“Siku ya tatu Mwanaidi alipima mchele wa mtu mmoja. Alikwenda nao pwani, akatandika mkeka pale ngalawa ya mumewe inapopandishwa, akaanza kuuchambua.”

Jua limeondoka kwa sababu jua huchomoza kila siku na kwa kila mtu. Ndege wameondoka kwa sababu hiyohiyo. Huzuni haikutajwa, lakini kipimo cha mchele kimeibeba, na msomaji ameiona mwenyewe bila kuambiwa. Bahari na uvuvi vimo ndani ya ngalawa. Na kuna maswali mawili yanayomvuta mtu aende sentensi inayofuata: kwa nini anachambua mchele palepale, na mume yuko wapi? Maneno yamepungua nusu na zaidi. Fanya hivyo kwa kurasa zako tano za mwanzo, kisha endelea. Mkono ukizoea, kurasa 300 zinazobaki hazitishi.

Jambo la pili ni mazungumzo. Wengi tulifundishwa kwamba Kiswahili sanifu ndicho Kiswahili cha kuandika, nasi tukakikabidhi kwa kila mhusika. Matokeo yake kondakta wa daladala, bibi wa Pemba na mkuu wa wilaya wote wanazungumza kama mtahini. Msomaji wetu ana sikio kali. Anajua mtu wa Tanga anavyosema na mtu wa Mwanza anavyosema, na ukimdanganya hapo hatakuamini tena penye jambo kubwa. Adam Shafi alipoandika Kuli, riwaya ya mwaka 1979 inayohusu wapagazi wa bandarini Zanzibar na mgomo wa 1948, hakuwapa makuli wake lugha ya ofisini. Soma mazungumzo yako kwa sauti. Ziba jina la msemaji kwa kidole. Kama huwezi kujua nani anasema, mhusika huyo bado hajazaliwa.

La tatu ni mawaidha, na hapa najua nitawaudhi baadhi ya wenzangu. Fasihi yetu ina urithi mkubwa wa mafunzo, na Shaaban Robert aliuheshimisha urithi huo kwa wahusika ambao majina yao tu yanakwambia tabia zao. Lakini yeye alikuwa akijenga masimulizi ya mafumbo, na aliyajenga kwa ustadi unaoendana nayo. Mwandishi wa leo anayeandika riwaya ya mji wa leo, kisha akasimama katikati ya sura ya tisa kuwakemea vijana, anamnyang'anya msomaji haki ya kufikiri. Euphrase Kezilahabi hakutuhubiria katika Rosa Mistika. Alituweka ndani ya nyumba ya Rosa, akatuachia aibu na hasira tuzibebe wenyewe. Riwaya ile ilipotoka mwaka 1971 ilizua ghadhabu kiasi cha kupigwa marufuku kwa muda mashuleni. Hadithi isiyohubiri ndiyo iliyowagusa watu mpaka mfupani.

Ukimaliza hayo, tafuta wasomaji wa kwanza. Mama yako hafai, wala mwenza wako, wala rafiki anayekudai fedha. Unahitaji watu watatu au wanne wanaopenda riwaya na wasiokuogopa. Usiwaulize kama wamependa, kwa kuwa adabu yetu itawafanya waseme ndiyo. Waulize waliacha kusoma wapi wakaenda kulala, ni mhusika gani wamemsahau jina, na walidhani nini kitatokea walipofika nusu ya kitabu. Wawili wakikutajia mahali pamoja, pana tatizo hapo hata kama suluhisho wanalolitoa silo. Tatizo wanalijua wao. Dawa yake utaitafuta wewe.

Barua ya ukurasa mmoja

Sasa ndipo tunapofika kwa wakala. Niseme wazi kwamba mawakala wa London na New York kwa sehemu kubwa hupokea miswada ya Kiingereza, na njia ninayoieleza hapa inamhusu zaidi mwandishi wetu anayeandika kwa lugha hiyo, au aliye na tafsiri nzuri mkononi. Anayeandika Kiswahili ana njia yake, nitaifikia.

Uingereza, wakala huomba barua, muhtasari wa ukurasa mmoja au miwili, na sura tatu za mwanzo au takriban maneno 10,000. Marekani, wengi huomba barua na kurasa chache tu. Kila ofisi ina masharti yake, na yanapaswa kufuatwa yalivyo. Ukiombwa kurasa kumi, tuma kumi. Urefu nao huangaliwa: kwa riwaya ya kwanza ya watu wazima, maneno kati ya 80,000 na 100,000 hayamtishi mtu, lakini 200,000 hutia shaka kwamba mwandishi hajui kukata.

Barua haizidi ukurasa mmoja. Ianze kwa kusema kwa nini umemwandikia yeye, na sababu iwe ya kweli: amesimamia kitabu fulani ulichokisoma na ambacho chako kinaweza kukaa nacho rafu moja. Ifuate aya ya hadithi yenyewe. Tukirudi kwa Mwanaidi, ningeiandika hivi: “Mumewe anapopotea baharini, Mwanaidi wa Kilwa Kivinje anagundua kwamba ngalawa yao iliwekwa rehani kwa tajiri wa soko la samaki. Amepewa mwezi mmoja alipe deni la chombo ambacho hakionekani, na mtu pekee anayejua kilikozama ni shemeji yake, ambaye hasemi.” Yupo mtu, lipo analolitaka, kipo kizuizi, na muda unakimbia. Usieleze dhamira. Usiseme riwaya inahusu nafasi ya mwanamke katika jamii; mwache wakala aseme hivyo atakapokuwa akiiuza. Malizia kwa jina la kitabu, idadi ya maneno, na mistari miwili kukuhusu. Kama umewahi kuchapishwa au kushinda tuzo, taja. Kama hujawahi, nyamaza. Hakuna anayehitaji kusoma kwamba huna sifa.

Muhtasari ni kitu kingine kabisa. Humo mwisho husemwa. Waandishi wengi hufunika tamati wakidhani wanamtamanisha wakala, kumbe yeye anataka kujua kama unaweza kuifikisha hadithi nchi kavu.

Tuma kwa mawakala watano au sita kwa wakati mmoja. Ni jambo linalokubalika mradi useme hivyo wanapouliza. Ngoja. Miezi miwili au mitatu ni kawaida, na wengine hawajibu kabisa. Wote wakikataa kutokana na barua na kurasa za mwanzo, rekebisha hivyo kabla ya kutuma kundi la pili. Wakiomba mswada wote kisha wakaukataa, tatizo limo ndani zaidi ya ukurasa wa hamsini, na unarudi kwenye daftari lako la sura. Kukataliwa kwenye maelezo ni hazina, nami ningekushauri usijibu kwa hoja. Shukuru kwa mstari mmoja na ufanye kazi.

Na yeyote anayekudai ada ya kusoma mswada, aachwe. Wakala wa kweli hulipwa na mauzo. Kadhalika mtu anayejiita mchapishaji huku akikutumia ankara ya uchapaji. Kujichapishia kitabu kwa fedha zako ni uamuzi halali, wengi wamefanikiwa kwa njia hiyo hapa kwetu, lakini ufanyike ukijua kwamba wewe ndiye mchapishaji na vitabu ni mali yako.

Anayeandika Kiswahili

Nairobi na Dar es Salaam mwandishi wa Kiswahili hupeleka mswada moja kwa moja kwa nyumba ya uchapishaji: Mkuki na Nyota, East African Educational Publishers, Longhorn na wengineo. Atakutana na mhariri ambaye swali lake la siri ni kama kitabu kitaingia mashuleni, kwa kuwa huko ndiko vitabu huuzwa kwa wingi. Hilo lina faida na hasara, na hasara yake ni kwamba riwaya nzuri ya watu wazima yaweza kurudishwa kwa sababu ya kurasa mbili za chumbani.

Kwa hiyo mlango ambao wakala angetufungulia, kwetu mara nyingi hufunguliwa na shindano. Jambo hili si geni. Mohamed Said Abdulla wa Zanzibar alishinda shindano la East African Literature Bureau la 1957/58 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kikachapishwa 1960, na mpelelezi wake, Bwana Msa, akaingia katika nyumba za watu. Leo ipo tuzo ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, ambayo sasa inaitwa Safal-Cornell na hupokea miswada isiyochapishwa, na ipo Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania na iliyotolewa kwa mara ya kwanza Aprili 2023. Majaji wa tuzo wanafanana na mawakala kwa jambo moja: nao hukusoma mara moja. Mswada wa shindano unastahili jasho lilelile.

Siku ya simu

Wakala akiomba mkutane kwa simu, andika maswali mapema. Anaona mswada unahitaji marekebisho gani, na unakubaliana naye? Atawapelekea wahariri gani? Kitabu kisiponunuliwa, ataendelea nawe kwa kitabu cha pili? Mkataba wenu unavunjwaje? Akikupa ofa, usikubali papo hapo. Waarifu mawakala wengine walio na mswada wako na uwape wiki mbili wajibu. Hakuna anayekasirika kwa hilo, ni desturi yao.

Kisha msisitizie jambo moja ambalo wakala wa London huenda hatalikumbuka kwa sababu kwake ni fedha ndogo: haki za Kiswahili na haki za kuchapa Afrika Mashariki. Paradise ya Abdulrazak Gurnah ilitoka mwaka 1994, ikaingia orodha fupi ya tuzo ya Booker mwaka huohuo, lakini msomaji wa Kiswahili aliipata mwaka 2022, Mkuki na Nyota walipochapisha Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis, Gurnah akiwa tayari ameshinda Nobel. Ilichukua miaka 28 kwa riwaya ya pwani hii kufika pwani kwa lugha ya pwani. Mikataba mingi ya Uingereza huzifungia nchi zetu ndani ya eneo la mchapishaji wa kule, na kitabu huja Mombasa kwa meli, kwa bei ambayo mwalimu hawezi kuilipa. Mwombe wakala azitenge haki hizo mbili kabla ya kusaini, ili mchapishaji wa Nairobi au Dar es Salaam aweze kuzinunua na kukichapa hapa. Ombi hilo liwe kwa maandishi, na liingie kwenye mkataba kabla kalamu haijagusa karatasi.